Tumeuita Uzee

Mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi. Chai yake imepiga utando. Anaulizwa kama amekula, anatazama mlango. Mjukuu anasema, "Babu mtandao umekata," na baraza zima linaangua kicheko. Nami nilicheka.

Tulicheka nini hasa?

Msiniambie hatujui. Tulimwona, baada ya kumzika mkewe, akiacha bao aliloshindia mtaa mzima. Tukamwona akiacha kwenda msikitini, akisukuma sahani pembeni, akiamka saa tisa usiku na kukaa gizani ukingoni mwa kitanda. Kusahau kukafuata: jina la mjukuu, njia ya dukani, sufuria motoni. Pikipiki ikikohoa tunaifikisha kwa fundi siku hiyohiyo. Baba akinyamaza miezi minane tunasema ni uzee. Neno jepesi hilo, halidai nauli ya hospitali. Dirisha la wazee lipo pale, nani kampeleka?

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu sehemu moja ya tano ya oksijeni yote. Damu ndiyo mchukuzi, nayo hupita kwenye mishipa myembamba ambayo presha isiyotibiwa huikakamaza na kuiziba kimyakimya, miaka mingi kabla ya kiharusi kubisha hodi. Wataalamu waliopima damu hiyo kwa wazee wenye sonona wamekuta mara nyingi imepungua sehemu ya mbele ya ubongo, kunakokaa hamu, mipango na ule msukumo wa kuinuka kitini. Huyo tuliyemwita mvivu na mkaidi! Tena sonona huweza kujivika nguo za usahaulifu: wapo wazee waliohesabiwa wamepotewa na akili, huzuni ikatibiwa, kumbukumbu zikarudi, walau kiasi. Si wote. Lakini tutawajuaje bila kuwapima?

Badala ya kupima, tumehukumu. Shehe kasema imani imepungua, shangazi kasema majini, jirani kasema kalogwa. Na akiwa bibi, hasemwi kalogwa. Husemwa yeye ndiye mlozi. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimenshia, maradhi ya kupotewa na kumbukumbu. Bibi wa namna hiyo, anayeongea peke yake na kupotea njia jioni, angeitwa nani Usukumani, ambako macho mekundu ya moshi wa jikoni yamewahi kutosha kuwa ushahidi? Kilifi wazee wameuawa, wengine wameyakimbia makwao, kwa tuhuma hizohizo. Na shamba la mtuhumiwa hurithiwa na nani? Hilo pia tunalijua.

Sisi wa mjini tusijione wasafi. Panga letu ni la kistaarabu. Tumemnyang'anya simu kwa kuwa anasahau, tumemfungia mlango kwa kuwa anazurura, tumezungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni kabati. Vidonge vyake vya presha vinakatwa nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Maoni yake kuhusu nyumba hayasikilizwi, akili haipo. Ila siku ya hati ya kiwanja akili ilionekana ghafla, tukakishika kidole gumba chake, tukakichovya kwenye wino.

Akili hiyo ilitoka wapi?

Jumapili iliyopita ukoo ulikaa kikao. Waliotuma udhuru wa nauli miaka mitatu walifika wote, na magari. Ajenda ya kwanza: michango ya mazishi "yakitokea". Ng'ombe wawili, turubai, sare za kitenge; mabishano yalikuwa juu ya rangi. Nilikuwa mweka hazina, niliandika kila ahadi.

Mzee alikuwa chumba cha pili. Ukuta wenyewe wa mbao.