Darsa ya Ramadhani, Siku ya 9: Mjamzito Apewe Haki Yake



Ndugu zangu katika imani, kila Ramadhani waume wananiuliza: "Shekhe, mke wangu ana mimba, afunge asifunge?" Tulijibu leo, na tuongeze lile lisiloulizwa: akila, anakula nini?

*1. Ruhusa*
Mtume ﷺ ametufundisha kuwa Allah amewaondolea mjamzito na anayenyonyesha Swaumu, kama alivyomwondolea msafiri. Katika madhehebu yetu ya Shafi, akihofia nafsi yake, au yake na ya mtoto, atalipa siku zake tu. Akihofia mtoto peke yake, atalipa na atatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Mwenye afya asiyehofia madhara, afunge. Lakini aliyeambiwa na daktari kuwa kufunga kutamdhuru, huyo kula ni wajibu wake, wala asijione ana imani pungufu.

*2. Lishe*
Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 ndiye tunayemwita njiti. Mwaka 2020 walizaliwa duniani takriban milioni 13.4, karibu mmoja katika kila watoto 10. Sababu ni nyingi, na nyingine hazizuiliki, kwa hiyo mama asilaumiwe. Ila upungufu wa damu na lishe duni vinaongeza hatari, na hapo tuna la kufanya.

Futari ya mihogo na chai inashibisha, sawa, lakini haitoshi kujenga damu. Mwongezee maharage, dagaa, mayai, mchicha, na chungwa baada ya kula. Anywe maji ya kutosha. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, kama anafunga avimeze usiku, na si kwa chai, maana chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

*3. Wewe mume*
Bibi Maryam aliposhikwa na uchungu, Mola wake alimpa tende mbivu na maji, akaambiwa ale na anywe. Hakuambiwa avumilie njaa! Sasa wewe unapeleka sinia msikitini, na mkeo, mimba miezi saba, amesimama jikoni tangu alasiri kisha anakula kilichobaki. Jamani! Kumlisha mkeo ni wajibu. Kufuturisha watu ni sunna. Wajibu unatangulia.

Na akiona damu, maji yakivuja, tumbo likikaza mara kwa mara, au mtoto akipunguza kucheza, msisubiri magharibi wala asubuhi. Nendeni hospitali muda huo huo.

*Amali ya leo:* Kabla ya adhana ya magharibi, ingia jikoni. Sahani ya kwanza pakua ya mama mjamzito, awe mkeo, binti yako au jirani asiye na uwezo.

Ewe Mola, wahifadhi mama zetu na walio matumboni mwao, uwafikishe salama, na uwape subira waliopoteza watoto wao. Aamiin.

Mtumie na mwenzako. Tukutane kesho inshaAllah.