Nani Anashika Daftari la Wageni?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Muhula uliopita Alhaji mmoja anayewasaidia wanafunzi karo alitualika watu watatu chakula cha jioni katika klabu ya wanachama hapa Mbarara. Getini askari aliuliza majina yetu, akayatafuta kwenye daftari, ndipo akatufungulia. Usiku ule mpishi alikuwa ametayarisha chakula cha Kihispania: wali wa zafarani uliopikwa na kamba na vipande vya samaki katika kikaango kipana.

Mimi nimekulia makazi ya Nakivale, upande wa Rubondo. Samaki ninaowajua ni ngege na kambale wa ziwa letu, na ndagala wakavu ambao mama huwatia kwenye sombe. Kamba nilikuwa nimemwona kitabuni tu. Mwenzangu akaninong'oneza: "Sheikh, hiki ni halali?"

Jibu halikuwa gumu. Sura ya al-Maida, aya ya 96, imetuhalalishia mawindo ya bahari. Mashafii, ambao ndio wengi katika Afrika Mashariki, humla kamba bila wasiwasi. Mahanafi huruhusu samaki peke yake katika viumbe vya majini, nao wamehitilafiana kama kamba ahesabiwe samaki. Tuliuliza kama wali umetiwa mvinyo, tukaambiwa hapana. Meza ya jirani ilikuwa na chupa za pombe, basi tukaomba kuhamia barazani, maana Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Alhaji akatuchekesha kwa kutueleza kwamba Wahispania huita wali arroz na zafarani azafrán, maneno waliyoachiwa na Waislamu wa Andalusi waliokuwa na utawala huko tangu 711 hadi 1492.

Tukala, tukashukuru. Kisha mwenzangu akamuuliza mhudumu samaki wametoka wapi. Akajibu: "Kamba sijui, lakini hawa ngege ni wa Ziwa Nakivale."

Hapo tonge likanikwama. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda hutolewa kwa makundi kulingana na hali ya kaya, na wapo waliotolewa kabisa. Jirani yetu wa Rubondo, mama mwenye watoto wanne, ni mmoja wao. Samaki wa ziwa analoliona kila siku walikuwa wamefika mezani kwangu, na yeye pengine jioni ile alikuwa amekunywa uji. Sharti zote za halali zilikuwa zimetimia. Je, chakula cha halali kinaweza kuwa na kasoro?

Mtu atasema: kushiba kwako hakukumpunguzia kitu. Ungekataa, samaki yule asingerudishwa Rubondo. Ni kweli. Tena kuitikia mwaliko ni haki ya Muislamu juu ya nduguye. Lakini ipo hadithi ya Abu Hurayra, katika Bukhari na Muslim, inayosema kwamba chakula kibaya kabisa ni cha walima wanaoitwa matajiri na kuachwa masikini. Riwaya hiyo hiyo inasema kwamba asiyeitikia mwaliko amemuasi Allah na Mtume wake.

Nilikaa na hadithi hiyo siku nyingi, kwa sababu sehemu zake mbili zilionekana kama zinapingana. Nilivyoelewa, kila sehemu ina mtu wake. Mgeni ameambiwa aende. Lawama inamhusu anayechagua nani aitwe. Basi kasoro haiko kwenye sahani, iko kwenye daftari la getini.

Ningependa kuishia hapo, maana daftari la klabu si langu. Lakini mwaka jana nilikuwa kwenye kamati ya chakula cha Idi cha jumuiya yetu. Tulikodi ukumbi, tukauza tiketi, na mimi niliunga mkono bei ile. Wanafunzi kadhaa waliotoka makazini walisema hawatakuja, wana mtihani. Nilijua hakuna mtihani wiki ile. Nilijua kwa sababu nilipokuwa mwaka wa kwanza, udhuru huo huo niliutumia mimi.

Hatukuandika popote kwamba masikini asiingie. Bei ilitufanyia kazi ya askari.

Idi ijayo napendekeza tusiuze tiketi. Tule kwenye masinia uani mwa msikiti, kila mwenye uwezo achangie kimyakimya, na asiwepo wa kuuliza nani alitoa nini. Mtasema pesa haitatosha kwa pilau na nyama. Basi tupike posho, maharage na ndagala. Alhaji naye tumwalike, tumkalishe kwenye sinia moja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ukarimu wake kwetu tumlipe kwa mwaliko usiohitaji daftari.

Wallahu a'lam.