Boda Hajui Neno Kujitolea

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wingu halijaifunika Kibo, huwa ninasimama mbele ya banda la mbwa anayeitwa Boda. Jina alipewa na mzee anayewatunza mbwa wa kituo kile, kwa sababu anakimbia kama bodaboda isiyo na breki: akiona upenyo anaingia, mengine baadaye. Ana miaka mitatu hivi, rangi ya kahawia, sikio moja limechanika. Amechanjwa, amehasiwa, na ameshachukuliwa na familia mbili. Zote zilimrudisha kabla mwezi haujaisha. Ya kwanza ilisema ana fujo. Ya pili ilisema hivyo hivyo, ila ikaongeza kuku wanne.

Kazi yangu ni kumtembeza. Tunatoka pembezoni mwa mji wa Moshi, tunapanda barabara ya vumbi kuelekea Uru, migomba na kahawa huku na huku, mpaka kwenye mfongo ambapo anakunywa maji, kisha tunageuza. Mwanzoni yeye ndiye aliyenitembeza mimi. Mama mmoja anayeuza ndizi njiani aliniuliza, "Dada, umempeleka mbwa au mbwa kakupeleka?" Kijana mmoja wa pikipiki akauliza swali zito zaidi: "Yaani dada, watu hawajala, wewe unatembeza mbwa?"

Kwa muda mrefu nilidhani hilo ndilo swali lenyewe la kimaadili. Nilijiandalia majibu. Saa moja na nusu ninayompa Boda imetoka kwenye usingizi wangu, haikutoka kwenye sahani ya mtu. Halafu mbona anayekwenda kutazama mpira haulizwi habari za wenye njaa? Huruma si gunia la mahindi, kwamba ukimpimia mmoja debe, la mwingine limepungua.

Simlaumu kijana yule, lakini. Nimekulia huku. Kwenye kihamba cha babu yangu Kibosho mbwa alikuwa mlinzi: mchana mnyororo, usiku anaachiwa, jioni makombo. Hakuna aliyemchukia, na hakuna aliyewahi kufikiria kumtembeza. Na hofu ya mbwa si ushamba. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, ndiyo maana aliyeng'atwa huambiwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na kuwahi sindano. Mama anayemvuta mtoto wake tukipita na Boda ana haki zote. Huwa nafupisha kamba na kumsalimia.

Swali gumu lilikuja kutoka kwa mzee wa kituo.

Aprili mwaka jana, masika yakiwa yamepamba moto, kazi ilinipeleka Dodoma kwenye Bunge la bajeti. Nilikaa wiki nne. Sikumwambia mtu pale kituoni. Nilijiambia, mimi si mwajiriwa, ninajitolea tu. Niliporudi nilikuta Boda amelala ndani ya banda. Hakurukaruka. Alinitazama, akarudisha kichwa chini.

"Jumamosi ya kwanza alisimama getini mpaka saa tano," mzee akasema. "Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hakugusa chakula. Ya nne hakusimama tena. Usiniulize anajuaje ni Jumamosi. Labda anaona wageni wanakuja." Akafungua kufuli taratibu. "Mwanangu, kama utakuwa huji, bora usije."

Niliona anatia chumvi. Usiku ule sikulala.

Nieleze kwa nini. Miaka michache nyuma niliandika makala kuhusu wageni wanaokuja Moshi kujitolea kwenye vituo vya watoto. Mji wetu unawajua vizuri: wiki moja ya kupanda mlima, mbili za kucheza na watoto, kisha picha, machozi, na gari la kwenda uwanja wa ndege wa KIA. Niliandika kwa kalamu kali kwamba mtoto anayezoeshwa kupendwa na kuachwa, kupendwa na kuachwa, mwisho hujifunza kutompokea mtu. Nilisifiwa sana kwa makala ile. Sasa na mimi nilikuwa nimefanya mambo yale yale, tofauti ikiwa kwamba sikupanda ndege, na kwamba mbwa hana wa kumwandikia makala.

Mtoto si mbwa, najua. Lakini kosa langu na lao lilikuwa na mzizi mmoja, nao uko ndani ya neno lenyewe. "Kujitolea" linamtazama anayetoa. Linasema: nimetoa kwa hiari, basi nitaacha kwa hiari. Boda hajui neno hilo. Anachojua ni kwamba Jumamosi yule mtu huja.

Rafiki yangu wa Pasua, nilipomsimulia, alinikumbusha kisa kinachosimuliwa katika Hadithi za Mtume, cha mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Mungu akamsamehe. "Hakurudi kila wiki," rafiki yangu akasema, "na bado alisamehewa." Ni kweli. Ila yule alikuwa mpita njia. Kiu iliisha, wakaachana, hakuna aliyebaki akimsubiri mwenzake. Wema wa mara moja hukamilika pale pale. Wema unaorudiwa huwa ahadi, hata kama mdomo haukutamka.

Ahadi hiyo inadai nini? Katika Disgrace, riwaya ya J. M. Coetzee ya mwaka 1999, David Lurie, profesa aliyepoteza kazi kwa aibu, anajitolea kwenye kliniki ambako mbwa wasiotakiwa huuawa kwa sindano. Mbwa mmoja kilema anamzoea. Lurie hamwokoi. Angeweza kumwongezea wiki moja, na hafanyi hivyo. Lakini anambeba mwenyewe mikononi, hamwachii mtu mwingine. Nilipoisoma chuoni mwisho ule uliniudhi. Leo nadhani naelewa kitu kimoja: kuna wakati huwezi kumpa mwingine maisha anayostahili, na bado unadaiwa kuwepo.

Mimi pia siwezi kumchukua Boda. Nimepanga chumba kimoja, uani kuna kuku wa mwenye nyumba, na sifa za Boda kwa kuku mmeshazisikia. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili. Haina kifungu cha mtu aliyezoesha halafu akakata mguu. Hilo nimebaki nalo mwenyewe. Nilichofanya ni kidogo: nimemtafuta mwenzangu, mwalimu wa Rau, ambaye Boda sasa anamjua kwa harufu. Mmoja akisafiri, mwingine anakwenda. Majina yetu yako kwenye daftari la mzee.

Ilichukua Jumamosi sita kabla Boda hajaanza tena kusimama getini.

Wiki ijayo nina harusi ya binamu yangu Marangu, na mwalimu kasafiri. Ibada ni saa nane mchana. Nimeshapiga hesabu, muda upo.