Chuma Kilichokaza na Swali la Sababu

Liko swali ambalo wanazuoni wa Kiislamu walilijadili kwa karne nyingi katika miji iliyo mbali na pwani yetu, na ambalo, kwa rai yangu, halieleweki vema mahali popote kuliko mbele ya tanuri la mikate lichomwalo kwa kuni, pale mkono wa mlango wake wa chuma unapokaza hata mwokaji asiweze kuufungua wala kuufunga: je, chuma kile kinapolainika baada ya kusafishwa na kutiwa kilainishi, ni kilainishi kilichokilegeza, au amekilegeza Mwenyezi Mungu papo hapo kilipotiwa, pasipo kilainishi chenyewe kuwa na nguvu yoyote?

Katika mji wa Kibiti, ulio kando ya barabara iendayo Lindi na Mtwara, na zaidi katika vijiji vya delta kama Nyamisati na Salale, ambako maji ya Mto Rufiji hukutana na maji ya chumvi katikati ya mikoko iliyotanda eneo lipatalo hekta 53,000, chuma hakina umri mrefu. Hewa ya bahari huingia katika tundu ambamo mhimili wa mkono umepenya mlangoni, na kutu izaliwayo humo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hata tundu lililokuwa na wasaa likabana. Juu ya kutu hiyo hukaa masizi na ulimbo wa moshi, ambao hutoka kwa wingi katika kuni mbichi. Na moto nao, kwa kuwa chuma hutanuka kikipata joto, huzidisha mbano saa ile ile mlango unapohitajiwa. Mwokaji aliyeishiwa na subira hushika nyundo, na mkono ukishavunjika husema: ni amri ya Mungu.

Neno hilo ndilo linalonishughulisha. Si uongo, kwani hakuna litokalo nje ya amri Yake. Bali limetamkwa mapema mno, kabla mwenye kulitamka hajatimiza lililompasa. Fundi aijuaye kazi yake huacha tanuri lipoe, akafungua nati, akautoa mhimili mzima, akausugua kwa brashi ya waya na msasa hata ukaonyesha rangi yake ya asili, akalikwangua na tundu. Na iwapo kutu imeushika mhimili usitoke, hudondosha mafuta ya taa, tanuri likiwa baridi kabisa, akangoja hata kesho yake. Anapourudisha hatii mafuta ya kupikia, maana moto huyageuza yakawa ulimbo mgumu kuliko ule wa kwanza. Hutia unga wa kinywe, madini yale meusi yaliyomo ndani ya kalamu ya risasi, ambayo hustahimili joto la mlango wa tanuri, na ambayo nchi yetu imejaaliwa kuwa nayo huko Mahenge, katika milima ambayo maji yake huteremkia Kilombero na hatimaye Rufiji.

Sasa, ni nani aliyeulegeza mkono ule? Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa pamba na moto katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, akasema kwamba kuiona pamba ikiungua inapoguswa na moto si kuuona moto ukiiunguza. Mambo hayo mawili yamefuatana kwa sababu Mungu ameyafuatanisha, naye akipenda huyatenga. Na Kurani ina mashahidi: moto wa Nabii Ibrahimu uliogeuka baridi na salama, tanuri la zama za Nabii Nuhu lililofurika maji, na chuma kilicholainishwa kwa ajili ya Nabii Daudi. Ibn Rushd wa Kordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba mwenye kuondoa sababu ameiondoa na akili, kwa kuwa akili si kitu ila kuvijua vitu pamoja na sababu zake.

Watu wengi hudhani kwamba kauli ya Ghazali humpumzisha mtu na taabu ya kuchunguza. Mimi naiona kinyume chake. Madhali mpango huu, kwamba chumvi huzaa kutu na kinywe hulegeza, si nguvu iliyomo ndani ya vitu bali ni ada ambayo Mola ameihiari na kuidumisha kwa waja Wake, basi kuichunguza ada hiyo ni kuchunguza namna Anavyopenda kuamiliana nasi. Na mgeni mwenye adabu hubisha hodi mlangoni, ijapokuwa mwenye nyumba anaweza kumpokea dirishani. Ghazali mwenyewe alilileta pingamizi la mtu anayeogopa kwamba kitabu alichokiacha nyumbani huenda kimegeuka mtoto, akalijibu kwamba Mungu ametuumbia pia ujuzi kuwa mambo hayo, ijapokuwa yamkini, hayatendeki. Ujuzi huo ni neema, na mwenye nyundo ameikataa neema hiyo ilhali anamtaja Mwenye kuitoa.

Walakini atakayesema, mimi ndimi niliyeufungua, naye amepitiliza, na delta yetu ina ushahidi wake. Mnamo Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 ya mwezi huo, ilijificha katika mikono ya Rufiji kwa kuharibikiwa na mitambo. Vyuma vilivyovunjika vilipelekwa kwa njia ya nchi kavu hadi Dar es Salaam, kwa jasho la wapagazi ambao historia imewataja kwa jumla tu, vikatengenezwa, vikarudishwa, vikafungwa mahali pake. Mafundi wale walitimiza kila sababu. Lakini Waingereza walikuwa wameziba milango ya mto, na tarehe 11 Julai 1915 meli ile, baada ya kupigwa mizinga, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe mtoni.

Sheria, ambayo aghalabu hupita kwa miguu mahali elimu ya itikadi inaporuka, imeuchora kwa uwazi mpaka huu, baina ya lililompasa mtu na matokeo asiyoyamiliki. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba mali ya mtu mkononi mwa fundi ni amana, wala fundi hadhamini kilichoharibika ila akitaadi, yaani akivuka mpaka wa kazi yake, au akifanya taksiri, yaani uzembe. Aliyepiga nyundo chuma kilichoshikwa na kutu pasipo kukisafisha ametaadi, atalipa. Aliyefuata kanuni zote za kazi yake, kisha mkono ukakatika kwa kuwa kutu ilikuwa imeula kwa ndani mahali jicho halifiki, halipi kitu. Na iwapo waliafikiana ujira wa kazi yenyewe, wala si juala, ambayo malipo yake hayapatikani ila mlango ukifunguka, basi ujira wa kazi aliyoifanya ni haki yake, na mwokaji yampasa kuutoa kabla hajakwenda kutafuta mkono mwingine.