Ukisome Kichina Ukiwa Mhandisi

Septemba 1961, miezi mitatu kabla Tanganyika haijapata uhuru, Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Bendera yetu haijapanda mlingotini, wenzetu wa China wameshafundisha watu wa kuzungumza nasi! Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilianza kujengwa kwa msaada wa China 1970. Lugha ilitangulia, nyundo zikafuata.

Sasa wewe, mwanachuo wa mwaka wa pili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unangoja nini? Taasisi ya Confucius ipo chuoni hapo hapo tangu 2013. Tangu 2009 China ndiyo mshirika mkubwa kuliko wote wa biashara na Afrika. Mkandarasi, mashine na kontena vinatoka huko, nawe unapita nje ya darasa ukisema simu itatafsiri.

Itatafsiri, sikatai. Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwenda Guangzhou au Yiwu kufuata mzigo hapunjwi na maneno anayoambiwa usoni. Anapunjwa na yale ambayo muuzaji anageuka kumnong'oneza mwenzake kuhusu bei ya mwisho. Hapo hakuna anayekusogezea simu. Anayekisikia Kichina hutulia, hunywa chai yake, kisha hutaja bei ile ile.

Kwa hiyo usikisome ili uwe mkalimani tu. Kazi hiyo simu itaimega kweli. Kisome ukiwa mhandisi, mhasibu, mwanasheria, daktari. Mhandisi anayeusoma mchoro na mwongozo wa mtambo katika lugha uliyoandikiwa hasubiri kuambiwa saiti kuna nini. Mwanasheria anayeulinganisha mkataba wa Kichina na wa Kiingereza, kipengele kwa kipengele, hafichwi kitu.

Ni kigumu? Sana, hasa maandishi. Toni nne zinamtesa aliyelelewa kwa Kiswahili kitupu, ingawa Msukuma na Mhaya wamekua na toni nyumbani, basi wasijisingizie! Ngazi ya nne ya mtihani wa Kichina wa HSK, kwa mfumo wa 2010, inadai maneno kama 1,200. Kumi kwa siku ni miezi minne. Weka na ya kusahau, uuite mwaka. Mwaka huo utapita hata ukiumalizia kwenye simu.

Boom la mkopo likiingia, nunua daftari la miraba la kuandikia herufi kabla fedha hazijaisha. Kisha mtafute Mchina anayejifunza Kiswahili, mpeane saa: moja yake, moja yako. Mwambie asikuonee huruma kwenye toni.