Jirani au Dalali?

Kila mtu amjua dalali. Husimama mnadani, huinua nguo au kiti, akatangaza sifa zake kwa sauti kubwa, wala hakuna anayedanganyika juu ya kazi yake. Sote twajua kwamba mali si yake, na kwamba akiuza atapata fungu lake. Kwa hiyo twamsikiliza kwa masikio ya mnunuzi: twapunguza sifa zake nusu, twaigeuza nguo, twatazama mishono, ndipo tunapotoa fedha. Kazi yake ni halali, na riziki anayoipata ni ya haki.

Lakini siku hizi amezuka dalali wa namna nyingine. Huyu hasimami mnadani. Anaketi kati yetu, katika makundi ya mazungumzo tuliyoyafungua katika simu zetu: kundi la wazazi wa shule, la wanakwaya, la wenye maduka, hata la Jumuiya Ndogo Ndogo. Hapigi kelele. Angoja mtu aulize swali, ndipo ajibu kwa sauti ya jirani, huku akiwaza fungu la dalali.

Tuchukue mfano. Mama mjane mwenye duka dogo awaandikia wenzake: "Ndugu zangu, daftari la madeni limenishinda. Ni programu gani itakayonisaidia kuandika mali ya dukani na madeni ya wateja?" Mmoja amjibu: "Dada, mimi natumia hii. Tangu nianze sijapoteza hata senti." Tena amwekea na anwani ya kubonyeza. Mama afurahi, ashukuru, alipa ada ya mwaka. Asilolijua ni kwamba anwani ile ina alama yake, na kila alipaye kwa kupitia hapo, wenye programu humpa yule mwenzake kamisheni. Mwaka ukiisha, mama ashindwa kulipa tena. Programu yafungwa, na hesabu zote za wateja wake zimo ndani.

Basi tuulize: kosa liko wapi? Je, ni kosa kuuza programu? Hata kidogo. Kijana aliyekesha miezi mingi akiitunga anastahili ujira wake kama seremala aliyechonga meza. Je, ni kosa kuitangaza? La. Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii, katika hati yake ya tarehe 22 Februari 1997 juu ya maadili ya matangazo, lilifundisha kwamba tangazo ni chombo tu, laweza kutumika vema au vibaya. Likaweka misingi mitatu: ukweli, heshima ya binadamu, na wajibu kwa jamii.

Kosa lenyewe twaweza kuliona katika sura ya 5 ya Matendo ya Mitume. Anania na mkewe Safira waliuza shamba lao, wakaficha sehemu ya fedha, wakaleta iliyobaki mbele ya Mitume kana kwamba ndiyo yote. Mtakatifu Petro hakumlaumu Anania kwa kuuza, wala hakusema kwamba ilimpasa kutoa fedha yote. Alimkumbusha kwamba shamba lilikuwa lake, na hata lilipokwisha kuuzwa thamani yake ilikuwa mikononi mwake. Uovu wao ulikuwa katika kuficha: walisimama kati ya ndugu walioaminiana, wakajivika sura isiyo yao ili wapewe imani wasiyoistahili. Ndivyo afanyavyo dalali aliyejificha.

Yafaa hapa tutenganishe makosa mawili, kwa maana watu huyachanganya. Mwaka 1979 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, huko Marekani, walibuni mtandao ulioitwa Usenet, ambamo watu wa mbali waliweza kuulizana na kujibizana katika makundi. Tarehe 12 Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, mume na mke, walitupa tangazo moja katika maelfu ya makundi hayo, wakijitolea kuwasaidia wageni kushiriki bahati nasibu ya kupata ukaazi wa Marekani. Kundi liwe la wanasayansi au la wapishi, hawakujali. Watu walikasirika, na malalamiko yao yalikuwa mengi hata mitambo iliyokuwa ikiwahudumia mawakili hao ikazidiwa. Lile lilikuwa kosa la kukosa adabu: mtu kaingia nyumba ya wenyewe bila hodi, akapiga kelele za soko. Hata hivyo kila mtu alijua ni tangazo, naye aliyetaka aliweza kulipuuza. Dalali aliyejificha hupiga hodi, hukaribishwa, huketi, na hapo ndipo hatari yake. Wazee walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Pengine mtu atajitetea hivi: "Programu ni nzuri. Mimi mwenyewe naitumia, na sikusema neno lolote la uwongo. Tena nina watoto wa kulisha. Nikisema kwamba nalipwa, nani ataniamini?" Ndugu, tafakari maneno yako mwenyewe. Wakiri kwamba wangejua, wasingekupa imani ile. Basi imani hiyo hukupewa, umeichukua. Waweza kusema maneno kumi ya kweli, ukaficha la kumi na moja, na mwenzio akadanganyika kabisa. Amri ya nane yakataza uwongo wa kinywa, na pia hila ya kunyamaza penye wajibu wa kusema. Tena ukipata fedha kwa hila hiyo, umekwisha kukaribia mpaka wa amri ya saba.

Wala hasara haimpati yule mjane peke yake. Siku watu watakapogundua, kila jibu jema litatiliwa shaka. Atakuja jirani wa kweli, atajibu kwa mapendo tu, naye ataulizwa: "Wewe nawe umelipwa kiasi gani?" Hivyo dalali yule amewaibia hata wale wasionunua kitu, kwa kuwa imani ya jirani kwa jirani ni mali ya wote, na ni mali ambayo maskini huitegemea kuliko tajiri. Tajiri aweza kumlipa mtaalamu ampe shauri. Maskini shauri lake ni jirani.

Serikali nazo zimeliona jambo hili. Huko Marekani, mwaka 2009, tume ya serikali inayosimamia biashara iliagiza kwamba asifuye bidhaa naye ana faida kwa mwuzaji, aseme wazi. Na mwaka 2024 ikapiga marufuku shuhuda za uwongo za wateja. Lakini Mkristo hangoji askari ndipo aseme kweli.

Twawashauri nini basi wasomaji wetu? Kwanza, mwenye kitu cha kuuza aombe ruhusa kwa wasimamizi wa kundi, na wakimkatalia atii, maana hapo si nyumbani kwake. Pili, kabla ya sifa zote aseme: "Programu hii ni yangu," au, "Nikikuuzia napata kamisheni." Maneno hayo machache hayamvunjii heshima, bali humrudisha mnadani, mahali pa halali. Tatu, aseme na kasoro. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mwuzaji apaswa kufunua kasoro iliyofichika iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari. Basi aeleze ada ni kiasi gani kila mwaka, na siku mteja ashindwapo kulipa, hesabu zake zitakuwaje.

Na yule aliyekwisha kutenda kosa hili asikate tamaa. Akiungama, akumbuke kwamba toba ya kweli hutafuta kuponya jeraha. Arudi katika kundi lilelile, aseme ukweli. Na aliyepata hasara kwa hila yake, amfidie kadiri awezavyo.

Ninyi wazazi, zungumzeni na watoto wenu juu ya jambo hili, maana wengi wao hutafuta kazi, na kazi ya namna hii hupatikana upesi. Waambieni kwamba hakuna aibu katika kuuza mchana kweupe. Bwana wetu alifanya kazi ya mikono kwa miaka mingi kule Nazareti, naye alitutaka ndiyo yetu iwe ndiyo kweli. Atujalie neema tuwe majirani kweli kwa wale wanaotuita majirani.