Waliobaki na Mizigo

Somo: 1 Samweli 30:1–25, 2 Samweli 9

Jumapili iliyopita katika ibada ya pili mhubiri alitupitisha kwenye sura hii ya Siklagi, na muda ukaisha akiwa amefika pale Daudi anapojitia nguvu katika Bwana. Tulisema amina kwa nguvu, tukaenda nyumbani. Mimi sikulala vizuri. Sura haiishii pale, na sehemu iliyobaki inanigusa mimi na kamati yetu ya misaada. Nimeomba nafasi hii niimalizie, na pia nitubu kidogo.

Tukumbushane. Daudi na watu wake 600 wanarudi nyumbani, wanakuta mji umechomwa, wake na watoto wametekwa na Waamaleki. Wanalia hadi sauti zinakauka. Wengine wanataka hata kumpiga Daudi mawe. Kisha wanaondoka kumfuata adui, na wanapofika kijito cha Besori, 200 kati yao hawawezi kuvuka. Wamechoka kabisa. Wanabaki hapo na mizigo ya wenzao. Wale 400 wanaendelea, wanapigana, wanarudi na kila aliyetekwa pamoja na nyara tele. Na hapo ndipo maneno yanaanza. Baadhi yao wanasema hawa hatukwenda nao, basi kila mmoja apewe mke wake na watoto wake aende zake, nyara hazimhusu. Daudi anakataa. Aliyeshuka vitani na aliyekaa na mizigo watagawana sawa. Halafu kuna jambo ambalo sisi huliruka haraka: tangu siku hiyo Daudi aliifanya iwe sheria katika Israeli.

Sheria, wapendwa. Hakuifanya kuwa sadaka. Hapo ndipo nilipokosea.

Mama mmoja wa kanisa letu, sitamtaja, alifiwa na mumewe aliyekuwa mwanajeshi. Sisi wa kamati tulifanya kile tunachojua kufanya. Tulipeleka unga, sukari, mafuta ya kupikia, na mchango mdogo wa karo. Tuliomba, tukanywa chai. Tulipokuwa tunaondoka aliniambia, "Mzee, asanteni kwa unga. Lakini mimi siombi. Kuna pesa za mume wangu ziko mahali, na hakuna mtu hata mmoja amewahi kuketi na mimi tuangalie hizi karatasi." Alikuwa na faili ya plastiki mkononi. Sikuifungua. Nilimwambia amshukuru Mungu kwa kile amepata. Na nilijiona nimesema neno la imani!

Sisi wa Nakuru tunaishi na jeshi kama majirani wa ua mmoja. Lanet wako, Gilgil wako. Ukienda Nairobi kwa barabara kuu unapita kote kuwili. Tangu Oktoba 2011 majeshi yetu yalipoingia Somalia, ni mikesha mingapi tumewaombea? Tarehe 15 Januari 2016, kambi ya El Adde ilipovamiwa, wengine wetu tulikaa na akina mama wakipiga namba ambayo haipatikani, wanapiga tena, haipatikani. Tunajua kuomba na askari akienda. Tunajua kulia naye akirudi kwa jeneza lenye bendera. Baada ya matanga sisi huwa hatuonekani.

Sasa swali lenyewe. Pesa anayolipwa askari aliyestaafu, matibabu yake, kile kinachobaki kwa mjane na watoto, ni zawadi au ni deni? Msiseme ni maneno tu. Kama ni zawadi, mpokeaji anapaswa kungoja, kunyenyekea, kushukuru kwa chochote, na kutafuta mahali ambapo zawadi inatolewa. Kama ni deni, mwenye kutafuta ni yule anayedaiwa. Mtu akikukopesha mbuzi akafa, mtoto wake hapaswi kuzunguka kijiji kizima akiuliza ni nani aliyekopeshwa. Wewe unajua. Wewe ndiwe unayepaswa kubisha mlango wake.

Someni 2 Samweli 9. Yonathani amekufa vitani. Ameacha mtoto, Mefiboshethi, aliyelemaa miguu yote miwili, anaishi Lodebari kwa nyumba ya mtu mwingine. Mefiboshethi hakuandika barua yoyote. Ni Daudi, mfalme, anayeuliza kama amebaki mtu wa nyumba ile ili amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Anamtuma mtu amlete. Anamrudishia mashamba ya babu yake. Mefiboshethi alikuja akitetemeka, akijiita mbwa mfu, kwa sababu alidhani anakuja kwa mwenye nguvu. Kumbe aliyekuwa na agano la kutimiza ni mfalme, na yeye ndiye alikuwa anadai.

Nchi hii imewahi kujibu swali hili vibaya, na matunda yake tunayaona hapa karibu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walichukua Waafrika zaidi ya milioni moja kubeba mizigo ya majeshi yao Afrika Mashariki. Mizigo kabisa, kichwani: risasi, chakula, machela za majeruhi. Kikosi kile kiliitwa Carrier Corps, na wazee wetu walipolitamka likawa Kariakoo, au Kariokor kama lile soko la Nairobi. Waliokufa wanakaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na uchovu kuliko kwa risasi. Haikuwa vita yao. Wengi hawakuulizwa kama wanataka.

Vita vikaisha. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ikaanza mpango wa kuwapa mashamba Wazungu waliopigana. Majina yalichezewa bahati nasibu Nairobi, ndani ya ukumbi wa Theatre Royal. Kericho, maafisa wa Uingereza waliopata ulemavu vitani walitengewa ekari zipatazo 25,000 ili walime kitani. Kilimo kile kilianguka baada ya miaka michache, na siku hizi tukipita huko tunaona chai. Mimi sisemi mtu aliyekatwa mguu vitani asipewe mahali pa kuishi. Apewe. Lakini ardhi ile ilikuwa na wenyewe, na wale waliobeba mizigo hawakupata hata robo ekari. Kibaya zaidi, mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao kamwe. Sababu? Eti wenye kudai hawakupatikana. Majina yalikuwa yameandikwa ovyo, vijiji havikujulikana, na pesa zikabaki serikalini.

Pale Kenyatta Avenue jijini Nairobi ipo sanamu yao ya shaba, na maandishi yake kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanawaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Nimesimama pale nikatafuta majina. Hakuna hata moja.

"Hawakupatikana." Hilo ndilo neno la mtu anayedaiwa lakini anajifanya mtoa zawadi.

Rudini kidogo 1 Samweli 30, mstari wa 11 hadi 15. Njiani watu wa Daudi wanamkuta kijana Mmisri ameanguka kondeni. Hajala wala kunywa siku tatu. Wanampa maji, mkate, tini na zabibu, roho inamrudia. Anasema alikuwa mtumwa wa Mwamaleki, akaugua, na bwana wake akamwacha hapo. Basi katika sura moja kuna majeshi mawili. Moja linamtupa mgonjwa wake barabarani. Lingine linawaacha waliochoka wapumzike, kisha linawagawia sawa. Na ni yule aliyetupwa ndiye aliyemwongoza Daudi hadi kambi ya Waamaleki. Mimi nimesoma Biblia miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo mpaka juzi.

Nilipozungumza haya katika ushirika wa nyumbani, dada mmoja anayefanya kazi katika shamba la maua upande wa Naivasha aliniuliza swali ambalo lilinikalisha. "Mzee, mimi nimeinama kwa maua miaka kumi na minane. Mgongo umeisha. Mbona askari awe na sheria yake na mimi nisiwe nayo? Damu yake ni nyekundu kuliko yangu?"

Jameni, sikuwa na jibu la haraka. Askari si mtakatifu kuliko mwingine, na kuna wastaafu wanaotaka waheshimiwe mpaka foleni ya benki. Lakini kuna kitu kimoja tofauti. Dada huyu akiona hatari anaweza kukataa kazi, hata kama kukataa kutamuuma tumboni. Askari alisaini kwamba hatakataa. Akiambiwa panda lori, anapanda. Mke wake naye hakusaini chochote, lakini analipa: anahamahama, anazaa peke yake, anawaambia watoto baba atakuja Desemba. Nchi iliyomwondolea mtu haki ya kusema hapana imejitwika yale yatakayompata kwa kusema ndiyo. Huko ndiko deni linakotoka. Kuhusu mgongo wa dada yetu, Yakobo 5:4 ipo, na mwajiri aisome. Deni la mmoja halifuti la mwingine. Hakuridhika sana, na sikumlazimisha.

Kwa bahati nzuri nchi yetu sasa imekubali kwa maandishi kwamba hili ni jambo la sheria. Mwaka 2022 ilipatikana Sheria ya Maveterani wa Kijeshi, na haimtaji askari peke yake. Inawataja pia wanaomtegemea. Tuijue hiyo. Tujue pia kwamba kwa Katiba ya 2010 ulinzi ni kazi ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo usipoteze nauli kuzunguka ofisi za kaunti ukiulizia pensheni ya jeshi. Kaunti waulize basari ya mtoto. Pensheni ina mlango wake. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakitumwa huku na huku mwaka mzima kwa kukosa tu mtu wa kuwaambia mlango ni upi.

Basi nilirudi kwa yule mama. Nilimwomba msamaha mbele ya watoto wake, kisha nikaomba tufungue faili. Kulikuwa na cheti cha kifo, kitambulisho, barua ya chifu, fotokopi nyingi zilizofifia. Ofisi moja ilikuwa imemwambia karatasi hazitoshi, haikumwambia ni ipi inayokosekana. Tulikaa naye pamoja na ndugu mmoja wa kanisa anayefanya kazi kwa wakili, na baada ya saa mbili tukaona shida. Ndoa yao ilikuwa ya nyumbani, mahari ikatolewa, wazee wakala, lakini haikuandikishwa. Na marehemu, alipoingia jeshini akiwa kijana bila mke, alijaza fomu ya jamaa wa karibu akaandika jina la mama yake. Hakuwahi kuibadilisha.

Akina baba mnaosoma hapa, mkiwa kazini au mmestaafu, nendeni mkaangalie ile fomu mliandika jina la nani. Msisubiri mkesha.

Tulienda kumwona mama mkwe, upande wa Molo. Nitasema ukweli, nilienda nikiwa tayari kumkemea. Nilikuwa nimemweka moyoni mwangu pamoja na wale waovu wa Besori wanaonyima wenzao fungu. Tukamkuta mzee wa watu, magoti yamevimba, anaishi peke yake. Akatueleza alivyomlea huyo kijana kwa kukamua ng'ombe za watu na kuchuma pareto. Akasema, "Mnaniambia huyu msichana alibaki na mizigo. Na mimi nilibaki na nini?"

Hapo sasa. Daudi aligawa nyara kati ya aliyepigana na aliyebaki. Hakutuambia waliobaki wakiwa wawili na fungu ni moja, na kila mmoja ana haki, tufanyeje. Mjane ana watoto watatu shuleni. Mama mzee hana mtu mwingine. Sheria itasema neno lake, na litafuatwa. Lakini sheria haiwezi kuwafanya hao wawili waketi meza moja, na wamekaa miezi mingi bila kusalimiana.

Tuliomba pale, si maombi marefu. Kabla hatujaondoka mama mzee aliuliza mjukuu wake mkubwa yuko darasa gani. Mkwe wake, ambaye alikuwa amebaki ndani ya gari, alishuka akaja kumjibu mwenyewe.

Alhamisi wiki hii wanaenda Nairobi wote wawili kwa matatu ya saa kumi na moja asubuhi, pamoja na mzee mmoja wa kamati na yule ndugu wa kwa wakili. Kamati imelipa nauli. Faili ni mpya, kila karatasi ina nakala mbili. Anayetaka kwenda nao, nafasi moja imebaki.